Nilimpita nikijua kalewa, kumbe sukari imeshuka

Naandika hii nikiwa nimetulia sasa, maana wiki za mwanzo kila nikisimulia nilikuwa naruka kipande cha kwanza, kile cha aibu, naanzia pale ambapo naonekana mtu mwema. Leo naanzia kwenye aibu yenyewe.

Asubuhi hiyo nilikuwa na kikao saa tatu kamili na nilishachelewa. Kikao chenyewe nimekifuatilia miezi miwili, mtu wa kuonana naye ni wa kumpata kwa mbinde, na nilikuwa nimeshamtumia meseji kwamba niko njiani wakati hata viatu sijavaa (msinicheke, wote tunafanya). Natembea mbio mbio, kuna kibaridi cha asubuhi, nimevaa sweta, na mbele yangu kwenye kijiukuta pembeni ya njia kakaa mzee mmoja. Kavaa vizuri, suruali imepigwa pasi, mkoba mdogo uko miguuni kwake. Anahangaika na kifungo cha shati. Kifungo chenyewe kilikuwa kimeshafungwa, lakini vidole vinakitafuta, vinakipata, vinateleza, vinaanza upya. Nilipomkaribia akainua kichwa akaniambia kitu, maneno yanaburuzika, nikaambulia neno moja tu, "nyumbani". Nikasema moyoni huyu mzee saa hizi keshazitwanga. Nikamwambia shikamoo mzee bila hata kupunguza mwendo, nikapita zangu.

Na sikuwa peke yangu, watu walikuwa wanapita wengi tu, kila mmoja anamwona mwenzake hasimami basi naye anajua hakuna neno.

Sasa kilichonirudisha si huruma, niseme ukweli. Ni magari. Nilifika pa kuvukia barabara magari hayakatiki, nikasimama pale dakika mbili tatu naangalia saa, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya akili ikamrudia yule mzee yenyewe. Ikaniuliza, mbona shati lake limelowa? Kweli lilikuwa limelowa, kifua chote, na kwenye kipaji matone yamejipanga, wakati mimi na sweta langu bado nasikia baridi. Nikageuka kumtazama. Hayupo tena juu ya ukuta, keshateleza kakaa chini, mguu mmoja kaukunja vibaya na kiatu kimoja kimechopoka. Hapo ndo nikarudi. Magari yangekatika mapema ningevuka, na hii stori msingeisoma.

Baadaye sana nilikutana na utafiti wa mwaka 1973 wa John Darley na Daniel Batson, walifanya Marekani kwa wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia pale Princeton. Waliwaambia waende jengo la pili wakatoe hotuba fupi, wengine mada yao kabisa ni ule mfano wa Msamaria Mwema, alafu njiani wakawawekea mtu kajikunja mlangoni anakohoa na kuguna. Wale walioambiwa muda bado upo, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa mmechelewa mnasubiriwa, asilimia 10 tu, na wapo waliomruka yule mtu ili wakawahi kuhubiri habari za Msamaria. Nilivyosoma nilicheka alafu nikanyamaza, maana ile meseji ya "niko njiani" ilinijia kichwani palepale.

Basi nikapiga magoti pale. Cha kwanza nikanusa, na hapa sitajitetea, nilitaka kuhakikisha kama ni pombe. Harufu hakuna. (Nimekuja kujua hata kama harufu ingekuwepo isingethibitisha kitu, pombe nayo inaweza kushusha sukari, hasa mtu akinywa bila kula, kwahiyo aliyelewa kweli anaweza kuwa anakufa kwa sukari huku watu wanasema muacheni alale zitamtoka.) Nikamuuliza jina lake, ananiangalia kama niko ng'ambo ya mto. Nikamshika mkono, umelowa na wa baridi, na unatetemeka, akanisukuma kwa nguvu ambayo sikutegemea. Nikakasirika kidogo, nikawaza nimeacha shughuli zangu kuja kusukumwa. Sikujua kwamba ule ukali nao ni dalili, ubongo unategemea sana glukosi na ikikosekana mtu anaanza kuchanganyikiwa, anakuwa mbishi, anaongea kama mlevi, anaweza hata kukupiga, na baadaye hakumbuki chochote.

Kosa langu la kwanza kubwa likaja hapo. Nikavuta mkoba wake nikaufungua kutafuta simu au kitambulisho, peke yangu, kimya kimya. Nikasikia nyuma "oya wewe, unamuibia mzee wa watu?" Yaani watu waliokuwa wanapita bila hata kutupia jicho, sasa wote wana macho. Kijana mmoja kanikamata sweta kwa nyuma, mwingine simu juu anarekodi, na mimi ulimi umekuwa mzito nashindwa hata kujieleza. Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima, aliingia katikati akasema "mwacheni kwanza, kachukua nini? Mmeona kachukua nini?" Hakuna aliyejibu. Akachuchumaa karibu yangu, akasema haya mwanangu, fungua, mimi naangalia.

Tangu siku hiyo nina kanuni, sigusi mfuko wala mkoba wa mtu kabla sijamwita mtu mmoja akae pembeni yangu, na kila nikitoacho nakitaja kwa sauti, hii ni simu, hii ni kadi, pesa sizigusi, narudisha. Inaonekana ya kijinga lakini inakulinda wewe na inamlinda yeye. Na ukitaka watu wakusaidie usiseme "jamani saidieni", hilo "jamani" si la mtu yeyote. Mnyooshee kidole mmoja, wewe dada mwenye kitambaa chekundu piga simu ya dharura, wewe kaka uliyenishika sweta zuia watu wasijazane. Yule yule aliyenikamata ndo alikuja kuwa msaada wangu mkubwa, alikuwa anataka kufanya kitu tu, hakujua afanye nini.

Kwenye mkoba tukakuta kadi ya kliniki ya kisukari na karatasi ya vidonge. Na hapa sasa ndo nilikaribia kummaliza mzee wa watu kwa ujuaji.

Mama akasema apewe kitu cha sukari. Mimi nikang'aka, mama huyu ana kisukari, unataka tumuue? Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi kabisa, kisukari ni sukari kuzidi, kwahiyo sukari ni sumu kwake, full stop. Tukabishana pale, mama akataka soda mimi nikataka maji, mwisho tukaelewana kwa suluhu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia joto masikioni: nikampa kijana pesa nikamwambia lete soda ila iwe ile isiyo na sukari. Nikajiona nina akili kweli. Kijana akakimbia akaileta, mzee akanywa kama nusu, nyingine kwenye shati na nyingine kwenye viatu vyangu. Tukasubiri. Hakuna kitu. Akazidi kulegea, kichwa kinaangukia kifuani, na mimi namwambia mama unaona, tatizo siyo sukari.

Sijui tungekaa hivyo mpaka lini. Akapita binti mmoja kama wa miaka ishirini na kitu, ana begi la mgongoni, akasimama, akachukua chupa akaisoma akasema "hii haina kitu, mnampa maji ya rangi." Mama yake ana kisukari, amekua akiyaona haya. Akatupanga kama watoto. Akasema tatizo siyo ugonjwa wa kisukari wenyewe hapa, ni dawa, mtu akimeza dawa ya kushusha sukari au akajichoma insulini alafu asile, au ale kidogo kuliko siku zote, au atembee sana, sukari inashuka kupita kiasi. Wenyewe wanahesabu ikifika chini ya 4 kwenye kile kipimo cha mmol (kwa wanaotumia mg ni chini ya 70) ni ya kuchukulia hatua haraka. Na kama huna kipimo na hujui imepanda au imeshuka, mpe sukari, kama ilikuwa imepanda hicho kidogo hakitaharibu sana, ila kama imeshuka na wewe umembania, inaweza kumuua upesi au kumwachia athari kwenye ubongo.

Ikaletwa soda ya kweli. Mimi kwa kiherehere cha kufuta kosa nikaikamata chupa nikamwinamishia mdomoni akiwa nusu amelala. Akapaliwa. Akakohoa mpaka macho yakatoka, na mimi moyo ukasimama. Binti akaninyang'anya chupa, akasema mkalishe wima kwanza, mwite, muone kama anakusikia na anaweza kumeza, ndo umpe, funda dogo, subiri ameze, funda lingine. Angekuwa amezimia kabisa hapewi kitu mdomoni, wala soda wala maji wala sukari ya kumimina, maana inaenda kwenye mapafu, unamlaza kwa ubavu, kichwa unakirudisha nyuma kidogo ili njia ya hewa iwe wazi, unaita gari la wagonjwa na unabaki unaangalia kama anapumua. Niliuliza je chokoleti, akasema ina mafuta yanayochelewesha sukari kuingia, siyo ya kuanzia nayo.

Kiasi chenyewe ni kidogo kuliko nilivyodhani, gramu kama 15 hadi 20 za sukari, yaani nusu glasi ya soda ya kawaida au juisi, au vijiko vya chai vinne vya sukari kwenye maji. Alafu unasubiri dakika 15. Kama hajakaa sawa unarudia.

Hizo dakika 15 ndo ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Nilikuwa nimemwegemeza begani kwangu, jasho lake limepita kwenye sweta mpaka nalisikia kwenye ngozi, na simu yangu inatetemeka mfukoni, najua kabisa ni nani. Sikupokea. Nilikuwa naangalia vidole vyake. Vilikuwa bado vinakitafuta kile kifungo, vinateleza, vinarudi, alafu wakati fulani vikatulia. Vikalala tu juu ya tumbo. Kidogo akainua uso, akanitazama, safari hii akanitazama mimi kweli, kisha akaangalia watu, akaangalia miguu yake, akasema kwa sauti safi kabisa:

"Kiatu changu kiko wapi?"

Watu walipiga makofi. Mimi nilianza kulia na sikujua kama nalia mpaka yule mama aliponipa kitambaa.

Simu yake ikaita muda huo huo, imeandikwa "Mwanangu mkubwa". Nikapokea, na hapa tena nikavuruga. Nikasema "dada samahani, tuko na baba yako huku, ameanguka barabarani". Alipiga kelele moja, simu ikakatika, sijui ilimdondoka. Kwahiyo jamani mkipiga simu ya aina hii, anzeni na hali, habari nyingine zifuate: "mzee yupo, anaongea, niko naye hapa, sukari ilishuka lakini amepata soda na sasa kakaa". Mtu akishasikia anaongea, hayo mengine atayasikiliza. Nilipompigia tena nilimpa mzee mwenyewe aseme neno, binti yake akatulia.

Sasa ona, mzee keshaamka, anatania, anataka kwenda zake nyumbani. Na mimi kikao ningeweza kukiwahi hata nusu saa ya mwisho. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta taksi ya kumpandisha, nimlipie, nikimbie. Binti mwenye begi akaiangalia ile karatasi ya vidonge, ilikuwa glibenclamide, akasema huyu asiachwe peke yake leo, lazima akaonwe hospitali. Vidonge vya jamii hiyo vinaendelea kufanya kazi kwa masaa mengi, soda inamwinua alafu kidonge kinamshusha tena, na zaidi kwa mzee au mtu ambaye figo zake zimechoka. Apate na chakula cha kushikilia, kitu cha wanga, kabla hata hatujaondoka. Nilikunja uso, sitaficha. Nikamwangalia mzee, nikaangalia saa, mzee naye kaona nilivyoangalia saa akasema "nenda mwanangu, umeshafanya vya kutosha". Hayo maneno ndo yaliyonishinda. Nikapanda naye.

Hospitali walimpima ikasoma 5.1, nesi akasema yuko sawa asubiri daktari. Tukakaa kwenye benchi tunapiga stori za ujana wake. Kama saa moja na nusu hivi nikaona anaacha sentensi katikati. Nikaangalia mkono wake, umeenda kwenye kifungo.

Nilikimbia kuita watu kabla sijajua kwamba nakimbia. Ikasoma 2.8. Wakamtundikia dripu ya glukosi na wakamlaza mpaka kesho yake. Nikasimama kwenye korido najiuliza, ingekuwa ile taksi je? Dereva angemwona kasinzia siti ya nyuma, angemwacha alale.

Tuje kwenye hasara maana huwa tunazificha. Kikao kilipotea, nilituma maelezo marefu na picha ya benchi la hospitali, nikajibiwa "pole" na basi, sikupata nafasi nyingine kwa yule mtu mpaka leo. Taksi nililipa mimi, kufungua faili mimi, vipimo vya kwanza mimi. Binti yake alipofika na ile hofu yake sikuthubutu kutaja pesa, nikasema hamna shida, alafu usiku nikakaa nikahesabu nikaona shida ipo tena kubwa. Nikakaa na kinyongo kama siku tano, kinyongo kwa watu ambao hata hawakujua wananidai nini, au tuseme nawadai. Wiki mbili baadaye aliniuliza mwenyewe nikamwambia, akarudisha. Ningeshauri uweke risiti, na uitaje mapema kwa upole, "nimelipia hivi na hivi, tutaongea mkitulia". Na kama huwezi kabisa kupoteza hiyo pesa usiitoe, kukaa na mtu na kumpigia ndugu yake simu ni msaada tosha.

Usiku ule ule mwili ulinitetemeka. Nimelala, niko salama, na meno yanagongana. Mke wangu akadhani homa. Nikamsimulia yote, kuanzia kurudi. Akaniambia Mungu akubariki, umeokoa mtu, na mimi nikaitikia amina, na ikanikaa kooni, maana nilichokuwa nasikia si fahari. Nilikuwa nashukuru, lakini kama anavyoshukuru mtu aliyesahau jiko linawaka akarudi akakuta nyumba ipo. Nilimshukuru mzee kwa kuwa alikuwa bado anapumua niliporudi. Nilishukuru yale magari. Nilimshukuru yule mama, na yule binti mwenye begi ambaye hata jina sikumuuliza, aliondoka wakati tunampandisha mzee kwenye gari na sikumwona tena, na kwa kweli kama kuna mtu aliokoa mtu siku ile ni yeye, mimi nilikuwa nashika bega.

Wiki ya tatu mzee akanialika kwake. Hakukumbuka kitu chochote. Anakumbuka alimeza dawa alfajiri, akaona akala atachelewa safari yake, akasema atakula akifika, basi, kinachofuata ni kiatu. Kwahiyo akaniomba nimsimulie, na watoto wake wote wamekaa pale, na binti yake mkubwa ana uso wa kunishukuru mpaka nashindwa kumwangalia. "Ulinikutaje?" akauliza. Hapo nikajua nikianzia kwenye kurudi nitakuwa naanzia hapo maisha yangu yote.

Nikamwambia mzee, kwanza nilikupita. Nilidhani umelewa. Ulinisemesha nikakuamkia nikaondoka.

Chumba kikanyamaza. Binti yake akainamisha kichwa. Mzee akaniangalia kwa muda, alafu akaanza kucheka, cheko la taratibu la kutoka tumboni, akasema "kwa jinsi ulivyonieleza nilivyokuwa, hata mimi ningejipita."

Siku hizi anatembea na kadi kwenye mfuko wa shati, siyo ndani ya mkoba, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ana kisukari na akionekana kama mlevi apewe soda yenye sukari. Mjukuu wake kamwekea namba za ndugu kwenye simu sehemu ile ya dharura inayofunguka hata simu ikiwa imefungwa, na mimi nikarudi nyumbani nikaweka kwenye ya kwangu na ya mke wangu. Dawa zake daktari alizibadilisha.

Wakati naaga akanitilia kitu kiganjani, pipi za glukosi, paketi nzima. Akasema hizi si zako, ni za mzee mwingine. Nikaziweka kwenye begi la kazini. Kwa kweli zile zilishaisha, nilizila mwenyewe siku moja nimekwama kwenye foleni ya magari, lakini nimenunua nyingine.